Kiapo cha Bi Raihana

Nilirudi Siyu kufungasha vyombo. Nataka hilo lieleweke kwanza, kwa sababu baadaye yalisemwa mengi, na mengine yalisemwa na watu walioimba kwenye harusi yangu. Sikurudi kukaa eda. Sikurudi kubadili dini. Nilirudi kuchukua cherehani yangu, sufuria, godoro, na suti ya marehemu mume wangu ambayo kaka yake mkubwa aliitaka, kisha nipande boti ya Ijumaa niende zangu.

Jina langu ni Jeruto. Mume wangu aliitwa Nicodemus, mwalimu wa hesabu, mtu mrefu mwenye sauti mbaya ya kuimba. Tuliishi Siyu miaka sita. Yeye alifundisha, mimi nilishona sare za wanafunzi nyumbani. Kila Jumapili alifungua darasa la sita, akapangusa ubao, akagawa vitabu vya nyimbo kutoka kwenye sanduku la bati, na sisi Wakristo wachache tuliokuwa pale, walimu watatu, muuguzi na askari wawili, tukawa na kanisa. Sala zake zilikuwa ndefu. Nyumbani chai ilipoa mara nyingi akiwa bado anawataja wagonjwa mmoja mmoja. Nilikuwa namwambia, Mungu anawajua hao, kunywa chai. Alikuwa anacheka, kisha anaendelea na orodha yake.

Tumbo lilimshika alfajiri ya Jumanne. Kufikia saa mbili halikugusika. Muuguzi alisema lazima apasuliwe, na kupasuliwa ni kwenda hospitali ya Amu, na kwenda Amu ni boti. Sasa, mkono wa bahari unaoingia Siyu, maji yakitoka, hubaki matope na mikoko tu, boti zote zimelala ubavu. Tulijaribu kumpakia kwenye pikipiki tumfikishe kwenye gati la Faza, akapiga ukelele ambao sikujua mtu mzima anao. Basi tukangoja maji. Nilikaa pale gatini nikiangalia kijiti kimoja kilichochomekwa kwenye matope, nikimwomba Mungu ayalete, na maji yalikuja saa nane mchana, kwa wakati wake, bila kuharakishwa hata dakika moja.

Ndani ya boti niliweka mkono juu ya tumbo lake nikasali kwa sauti. Nilisali kila sala niliyofundishwa tangu utotoni, na zilipokwisha nikatunga nyingine. Famau, mwenye boti, alizidisha mashine huku naye akisoma dua zake. Niliiona midomo yake ikienda. Niliposema Amina na kufumbua macho, Nicodemus alikuwa ameshakwenda. Sijui alikwenda nikiwa kwenye neno gani.

Tangu hapo sikusikia kitu. Watu walidhani nimeumia sana, na mimi nikatamani ingekuwa hivyo. Ilikuwa kama mguu uliolaliwa: unajua ni wako, unaugusa, haukujibu. Tulimzika kwao Nandi siku ya mvua, kwaya mbili zikiimba, nami nilikuwa nimeyakazia macho matope kwenye viatu vya mchungaji, nikifikiri kwamba yale hayatoki bila brashi. Sikulia. Shemeji zangu waliliona hilo wakaliweka moyoni. Mama mkwe alinishika mkono akaniambia nisali, Mungu atanipa nguvu. Sikusali. Wala sikumkasirikia Mungu. Hasira nayo ingekuwa mazungumzo. Sikuwa tu na la kumwambia.

Wiki tatu baada ya mazishi nikarudi Siyu na begi moja tupu.

Nyumba yetu na ya Bi Raihana zimeshikana ukuta, na uani kuna mlango mdogo wa wanawake wa kupitia toka huku kwenda kule. Bi Raihana ni mama wa miaka sitini na kitu, mjane tangu ujana wake, fundi wa kofia za kushona kwa mkono, na mwenye mdomo. Kwa miaka sita alikuwa amenigombeza juu ya wali wangu, juu ya watoto ambao sikuzaa, na juu ya mwendo wangu, eti natembea mbio kama mwenye kesi. Siku hiyo aliponiona mlangoni aliketi chini pale pale akamlilia Nicodemus kwa sauti. Alipomaliza, akapangusa uso kwa leso yake.

"Umerudi kukaa eda katika nyumba ya mumeo," akasema. "Mngu akulipe, mwanangu. Kuna wa kwetu wazikimbia nyumba zao, nawe wa bara umerudi."

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba nimekuja kufungasha. Maneno yalikuwepo. Lakini kuyatoa, kisha kumweleza kwamba kwetu hakuna eda, kisha kumtazama akishangaa, kisha kujibu maswali yake, niliona ni kazi kubwa kuliko kubeba godoro kichwani hadi gatini.

"Ndiyo, Bi Raihana," nikasema.

Hilo ndilo lilikuwa kosa, nusu langu nusu lake. Alijua vizuri kwamba sisi ni Wakristo, na alimsikia Nicodemus akiimba kila Jumapili, maskini. Ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mjane wa Kikristo hawekewi siku, na yeye hakuweza kufikiria dini ya kitabu inayomwacha mwanamke atoke tu barabarani kesho yake kama kuku. Miezi minne na siku kumi, alisema. Binti yake, Ummu, akauliza kama zile siku za safari zinaingia.

"Zahisabiwa," Bi Raihana akamjibu. "Mngu ayua alikokuwa."

Ijumaa boti ilikuja ikaondoka. Bi Raihana alikuwa ameshamwambia Famau asinisubiri, na Famau aliomba radhi kwa kuuliza. Manukato yangu, chupa moja ya bei rahisi, yalichukuliwa yakawekwa. Kioo kiligeuzwa kikatazama ukuta. Nililetewa leso kuukuu zilizokwisha rangi. Ummu aliniletea maji asubuhi na mama yake akaniletea uji, na chai tukanywa pamoja, yeye akiongea, mimi nikiitikia. Sikutakiwa kutoka nje, wala kuonana na mwanamume asiye ndugu. Sikuona sababu ya kukataa. Nilikuwa tayari ni mtu wa kuketi na kukodolea ukuta. Sasa nilikuwa na ruhusa.

"Utakaaje bure?" akaniuliza siku ya tatu, akanitupia kitambaa cheupe cha kofia. Kilikuwa kimeshachorwa maua na kutobolewa vitundu vidogo mamia kwa mamia, na kazi ni kukizungushia uzi kila kitundu kimoja mpaka kisimame chenyewe. Kofia moja huchukua miezi. Mimi ni fundi wa cherehani ya mguu, mkono wangu ni wa haraka na mzito. Wiki ya kwanza alifumua kila nilichoshona, bila huruma, huku akisema hata punda angejaribu zaidi.

Na kila jioni, akishamaliza swala yake ya magharibi, alipita mlango wa uani na kofia yake mkononi, akaketi kwenye mkeka, akaniuliza swali lile lile.

"Ushaswali?"

"Nimesali."

"Alhamdulillahi."

Kisha tukashona. Hakuwa ananichunguza. Aliuliza kama unavyomuuliza mtu kama ameshakula, kwa sababu kwake yeye mjane aliye edani ana mambo mawili tu, ibada na subira, na hakujali ibada hiyo naifanya kwa maneno gani. Mara ya kwanza nilipomdanganya nilingoja nione kama moyo utanisuta. Haukunisuta. Kuanzia siku ya pili uongo ulitoka wenyewe kama kupiga chafya.

Jumapili moja mwalimu Kaingu alikuja. Yeye ni Mgiriama, kijana mwenye bidii, na ndiye aliyeshika nafasi ya Nicodemus pale darasa la sita. Nilimsikia akipiga hodi, na Bi Raihana akienda mlangoni kabla yangu.

"Namuulizia dada Jeruto. Hatujamwona ibadani."

"Yuko edani, mwalimu. Haonani na wanaume."

"Eda? Jeruto?"

"Kwani mumewe si amekufa?"

Ningeweza kutoka chumbani nikamweleza kwa sentensi mbili. Nilikuwa hatua sita kutoka mlangoni, na sikuinuka. Kaingu akauliza kama anaweza angalau kupata sanduku la vitabu vya nyimbo, maana ni mali ya kanisa. Nilimwambia Ummu ampe. Nikasikia bati likikwaruza kizingiti. Nicodemus alikuwa ameandika juu ya sanduku lile kwa rangi nyekundu, "Rudisha baada ya ibada", kwa mwandiko wake wa ubaoni. Nililisikiliza likienda, nikaendelea na kitundu nilichokuwa nacho.

Haikupita wiki mama mkwe akapiga simu kutoka Nandi.

"Jeruto, tumesikia umesilimu."

"Nani amesema?"

"Nimekuuliza wewe. Ni kweli?"

Nilitafuta ndani yangu jibu la kumpa mama wa watu. Mwislamu sikuwa. Na Mkristo? Mkristo gani huyo ambaye hajamsemesha Mungu tangu siku ile ndani ya boti? Nilimwambia mtandao unakatika, nikakata mimi mwenyewe.

Wiki ya tisa alikuja Alawiya. Alawiya ni mke wa mwalimu wa madrasa, mwanamke mpole, na sitaki mtu amfikirie vibaya, kwa sababu alikuja na mkate wa mofa wa moto na machozi ya kweli. Alikaa nasi kwenye mkeka, akanishika goti.

"Bi Jeruto, umekaa eda kuwashinda wengi wetu," akasema. "Watu wote wakusifu. Kumebaki nini? Ni shahada tu, maneno mawili. Tutakuwa ndugu zako. Hapana atakayekuuliza wakaa huku kwa nini. Hutakuwa peke yako."

Nitasema ukweli, ingawa unaniaibisha. Nilikuwa karibu kusema "haya". Sikuwa nimeshawishika na lolote. Kusema "haya" kulikuwa rahisi kuliko kusema "hapana", na tangu ile siku ya begi nilikuwa nimezoea kuitikia kila nililoambiwa. Wengine wameshika imani yao mbele ya bunduki. Mimi nilikuwa karibu kuiacha yangu kwa uvivu, nikiwa na mkate wa moto mapajani, na dini ya Alawiya nayo ningeingia nikiwa sina lolote la kuipa. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Bi Raihana akaweka sindano chini.

"Alawiya, mwache."

"Simlazimishi, dada. Namwalika."

"Huyu ana swala yake. Kulla siku namuuliza, kulla siku anambia ameswali. Mtu mwenye kumuomba Mngu humshiki mkono ukamvuta kama mtoto aliyepotea ndia."

Alawiya aliinamisha kichwa. "Una hakika? Maana hata mwalimu wao asema kanisani haendi."

"Wallahi," Bi Raihana akasema, na akanyoosha kidole juu. "Wallahi l-adhim, haipiti siku moja huyu akalala bila ya kumuomba Mola wake."

Lazima nieleze. Kwa miaka sita sikuwahi kumsikia Bi Raihana akiapa, hata akigombana na muuza samaki, na kwa muuza samaki alikuwa hatari. Jina la Mungu hakulileta kwenye mambo ya kupita. Alawiya alilijua hilo kuliko mimi. Alisema astaghfirullah, akaniomba radhi, akanywa kahawa yake akaenda. Na mimi nilibaki na sindano mkononi, na kitu cha moto kikapanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Ilinichukua muda kukitambua. Ilikuwa aibu. Ndicho kitu cha kwanza nilichokisikia tangu Nicodemus afe, na sikukifurahia hata kidogo.

Jioni alipita mlango wa uani kama kawaida.

"Ushaswali?"

Nilijaribu. Uongo ulikuwa pale pale ulipokuwa siku zote, lakini sasa ulikuwa na kiapo cha mtu mwingine juu yake.

"Sijasali, Bi Raihana."

"Haya, swali. Nitakungoja."

"Sijasali tangu boti. Hata siku moja. Kila uliponiuliza nilikudanganya."

Alinitazama. Taa ya sola ilikuwa hafifu, sikumwona vizuri macho. Aliikunja kofia yake polepole mara mbili, kitu ambacho alinikataza mimi nisifanye kamwe.

"Nimeapa," akasema.

"Najua."

Akashika goti akainuka, akapita mlango wa uani, akaurudisha nyuma yake. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Asubuhi Ummu alileta chai kikombe kimoja. Nikamuuliza mama yuko wapi.

"Mama afunga."

"Leo? Kuna funga gani leo?"

"Afunga siku tatu kwa sababu ya kile kiapo." Ummu hakunitazama. "Alikwenda kwa mume wa Bi Alawiya kumuuliza. Akamwambia hapana haja, aliapa kwa alilolidhani ni kweli. Mama kasema ulimi ulioapa ni wake. Na dawa za presha hataki kumeza mpaka magharibi. Haya, kunywa chai, Bi Jeruto."

Akaondoka. Lilikuwa joto lile la kabla ya mvua, ambapo hata kuta za mawe zinatoa jasho. Nilikaa na kikombe. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia Bi Raihana akifagia, akikohoa kwa koo kavu, akifagia tena. Hakuja kuniambia. Hakuwa na nia nijue. Kama si Ummu kukasirika, nisingejua.

Tangu utoto nimeimba kuhusu yule aliyebeba makosa yasiyokuwa yake. Niliimba kwetu, nikaimba kwenye harusi yangu, nikaimba darasa la sita pembeni ya Nicodemus akiharibu wimbo. Niliyaimba maneno hayo kama mtu anayesoma maandishi kwenye mfuko wa unga. Sasa kulikuwa na mwanamke mzee hatua kumi kutoka kwangu, ana kiu, kwa sababu ya ulimi wangu, na hakuna aliyemlazimisha.

Nilipandwa na hasira. Nilikimwaga kikombe kile uani, nikasema kwa sauti, peke yangu, "Nani alikuambia unilipie? Nilikuomba mimi?" Nikasema tena. Mara ya tatu nilipolisema nikagundua kwamba sikuwa namwambia Bi Raihana. Na nikagundua kwamba, kwa ubaya wake wote, ile ilikuwa sala.

Sikula siku hiyo, wala sikunywa. Jioni nilipiga magoti kwenye mkeka wa kushonea na kuanza sala ile aliyotufundisha Bwana mwenyewe, ambayo mtoto wa miaka minne anaijua. Nilikwenda vizuri mpaka pale tunapomwambia Mungu kwamba mapenzi yake ndiyo yawe. Hapo nilikwama. Nilikiona kijiti kwenye matope, na maji yakijiendea taratibu. Sikuweza kulisema hilo neno, na kulisema kwa mdomo tu sikutaka tena. Nilikuwa nimeshaona mdomo mtupu unamgharimu nani. Nikasimama. Siku ya pili nikafika pale pale, nikakwama tena.

Siku ya tatu, kabla ya adhana ya magharibi, nilipita mlango wa uani nikiwa na tende na gudulia la maji. Bi Raihana alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, uso umepauka. Alinitazama midomo.

"Nawe?"

"Nami. Siku zote tatu."

"Wewe ulifunga kwa nini?"

"Uongo ulikuwa wangu."

Alitoa sauti fulani puani, sijui ilikuwa kicheko au nini. Adhana ilipotoka alisema bismillahi, akala tende moja, akanisogezea sahani. Akameza dawa zake. Kisha akaswali, mimi nikaketi. Alipokunja msala wake akanigeukia, na nikajua anachotaka kuuliza, na nikaona amesita. Hakuwahi kusita mbele yangu. Lakini aliuliza.

"Ushaswali?"

"Nusu."

"Nusu vipi?"

Nikamweleza mahali ninapokwama. Nikamweleza kuhusu kijiti. Hakunifundisha kitu, Mungu ambariki. Hakuniambia ni kudura, ingawa hilo ndilo neno lake la kila siku.

"Hiyo nusu ni ya kweli?"

"Ya kweli."

"Basi kula."

Kuanzia hapo alinijia kila jioni kama zamani, na mimi nikamjibu kilichopo. Nusu. Nusu. Leo robo, Bi Raihana, leo sikuweza. Leo nusu na maneno mengine yasiyofaa. Naye alimhimidi Mungu au aliguna, kulingana na jibu. Imani yangu ilirudi hivyo, kwa vipande, na kila kipande kilikaguliwa na jirani yangu Mwislamu. Ganzi haikutoka. Nililala nayo, nikaamka nayo. Lakini nilianza kuona kwamba naweza kusali nikiwa na ganzi, kama unavyoweza kuutembeza mguu uliolala, kwa kuuburuta. Zamani nilisali kwa sababu Nicodemus alikuwa anasali, nilikuwa abiria. Sasa nilikuwa peke yangu na Mungu, sina la kumpendeza, na kila siku nilimkuta yupo. Hilo sikulijua nilipokuwa na furaha.

Siku ya mwisho ya eda ilikuwa Jumapili. Bi Raihana na Ummu waliniogesha asubuhi, wakanivika leso mpya, wakanifukiza udi. Kioo kikageuzwa. Nilimwona mwanamke mwembamba kuliko nilivyomwacha. Kofia yangu ilikuwa imebakiza safu mbili za vitundu.

"Mtu akitoka edani hatoki peke yake," Bi Raihana akasema, akijivika buibui. "Wataka kwenda wapi kwanza? Gatini? Boti ya Famau yaondoka saa tano."

"Darasa la sita."

Akachukua kofia yake na uzi. "Haya. Ongoza ndia."

Tulitembea polepole, kwa sababu nilikuwa nimesahau kutembea, na watu walinisalimia kwa furaha kama mtu aliyetoka hospitali. Bi Raihana alipoiona baraza ya shule aliketi kwenye ngazi. Hatoingia, alisema, ana kazi. Mimi nikaingia.

Walikuwa watano. Kaingu alikuwa mbele, sanduku la bati juu ya meza. Aliponiona akanyamaza katikati ya tangazo. Nilikuwa nanuka udi mpaka kwenye nywele.

"Dada Jeruto," akasema. "Umekuja... Samahani. Umekuja kama nani?"

Nilikuwa nimeandaa maneno. Miezi yote nilikuwa nimeyaandaa, makali, kuhusu watu wanaopiga hodi mara moja tu kisha wakapiga simu Nandi. Nikamtazama Kaingu, nikaona ana hofu, na kwamba hofu ile ni kwa ajili yangu.

"Nimekuja kusali," nikasema.

"Basi tuongoze."

Labda alikuwa ananijaribu. Nilisimama mbele ya ubao. Kulikuwa na hesabu ya sehemu juu yake, haijafutwa; Nicodemus asingekubali. Nikaweka mkono juu ya sanduku, juu ya yale maandishi mekundu, nikaanza sala ile, nao wakanifuata, mpaka nikafika pale. Nikakwama. Nao wakakwama nyuma yangu. Askari mmoja alifumbua jicho. Kupitia dirishani nilimwona Bi Raihana kwenye ngazi, kichwa ameinamia kofia, akizungusha uzi. Hakuwa ananiangalia. Midomo yake ilikuwa mikavu ile asubuhi kama siku zile tatu, au mimi ndiye niliyeiona hivyo.

Nikalisema. Sauti ilikatika katikati ya neno, nikarudi nyuma nikalisema upya, lote, huku najua ninachokisema na ninayemwambia. Kisha nikamlilia mume wangu, mbele ya askari wawili na hesabu ya sehemu, kwa sauti ambayo wenye boti gatini lazima waliisikia. Muuguzi alinishika. Nilipoweza, tukamalizia sala mpaka Amina.

Nilipotoka, jua lilikuwa limeshafika kwenye ngazi na Bi Raihana alikuwa amejisogeza kwenye kivuli kidogo kilichobaki. Macho yangu yalikuwa yamevimba. Aliyatazama, akayaacha.

"Ushaswali?"

"Nimesali."

"Yote?"

"Yote, Bi Raihana."

Akachomeka sindano kwenye kitambaa, akanipa mkono nimwinue.